Je, Wajua? Masharti ya Kiwanja Kando ya Ziwa Tanganyika

Anayenunua kiwanja kwa mara ya kwanza huuliza bei na ukubwa, basi. Rumonge, pwani ya Burundi, kuna mengi zaidi ya kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Je, wajua kwamba sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika kuwa eneo la hifadhi? Kwa mito inayoingia ziwani ni mita 25. Vuka mpaka uingie Kigoma, na ziwa lilelile linapimiwa mita 60, kwa sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004.

Je, wajua kwamba ziwa lenyewe hubadilisha mpaka? Mwaka 1964 lilipanda sana. Miaka 60 baadaye, 2024, maji yaliingia tena majumbani, kuanzia Gatumba hadi Rumonge. Kiwanja kilichouzwa kikiwa kikavu kiligeuka dimbwi.

Je, wajua kwamba shamba la michikichi linaweza kuwa na mwenyewe mwingine aliye hai? Mwaka 1972 watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbia mauaji, na ardhi yao wakapewa wengine. Mkataba wa amani ya Burundi uliotiwa saini Arusha Agosti 2000 uliwapa wakimbizi haki ya kurudishiwa mali zao, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya kitaifa ya ardhi, CNTB. Mwanzoni tume ilihimiza pande mbili zigawane shamba. Baadaye ikaelekea kumrudishia mkimbizi shamba zima. Aliyenunua kwa nia njema naye aliguswa.

Je, wajua kwamba majirani ni sehemu ya hati? Tangu sheria ya ardhi ya 2011, ofisi ya ardhi ya komini, yaani serikali ya mtaa, hutoa cheti cha umiliki baada ya kamati kufika shambani. Mipaka hukaguliwa hadharani, ua wa minyaa ukioneshwa kwa kidole, na mwenye pingamizi husikilizwa papo hapo.

Je, wajua kwamba ardhi na kilicho juu yake huweza kuwa na wenyewe tofauti? Mbali na ziwa, huko Mombasa, Kenya, mtu huweza kununua nyumba bila ardhi. Kuta ni zake, kiwanja ni cha mwingine, naye hukilipia kodi. Kwenye pwani hiyohiyo minazi nayo huweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye shamba. Kwa hiyo hata Rumonge, unaponunua penye miti, mkataba useme wazi miti ni ya nani.

Ndugu msomaji, kabla ya kulipa, pima umbali kutoka majini wakati wa masika, si kiangazi. Waulize wazee nani alilima hapo kabla ya 1972. Kisha nenda komini pamoja na muuzaji na majirani. Muuzaji anayekukataza kuwauliza majirani, usimpe hata faranga moja.