Mfumo jumuishi wa kurusha video mubashara

Mfumo jumuishi wa kurusha video mubashara ni kifaa kimoja, au kompyuta moja yenye programu maalumu, kinachofanya kazi ambazo katika studio za televisheni za zamani zilifanywa na mashine nyingi zilizotengana. Kazi hizo ni kuchagua picha kutoka kamera kadhaa, kuchanganya sauti, kuweka maandishi na nembo, kurekodi, na kupeleka matangazo hewani au kwenye intaneti wakati tukio lenyewe linaendelea.

Mifumo ya namna hii hutumiwa na studio ndogo, nyumba za ibada, shule na vyuo, wapiga video za harusi na vituo vya televisheni vya mtandaoni. Faida yake kubwa ni kupunguza gharama na idadi ya watu wanaohitajika. Udhaifu wake mkubwa unatokana na jambo hilohilo: kazi zote zikiwa ndani ya kisanduku kimoja, hitilafu ya kisanduku hicho huzisimamisha zote kwa pamoja. Katika miji iliyo mbali na maduka makubwa ya vifaa, kama Kibondo na Kasulu kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, Tanzania, maandalizi ya umeme, intaneti na rekodi ya akiba yana uzito sawa na uchaguzi wa mfumo wenyewe.

Studio kabla ya mfumo jumuishi

Katika studio ya kawaida ya televisheni kila kazi ilikuwa na mashine yake na mtu wake. Mmoja alikaa kwenye swicha, yaani meza ya vitufe ya kuchagua kamera ipi iende hewani. Mwingine alishughulikia sauti, mwingine maandishi yanayotokea chini ya picha, mwingine mashine za kanda. Juu yao alikuwa mwongozaji aliyetoa amri kwa wote kupitia vipokea sauti vya masikioni. Nje ya studio, vifaa hivyo vilipakiwa ndani ya gari la matangazo ya nje.

Ugumu mmoja wa kiufundi ulifanya studio hizo ziwe ghali. Picha ya video ni mfululizo wa fremu; katika nchi zilizofuata mfumo wa PAL, Tanzania ikiwemo, ni fremu 25 kwa sekunde. Ili swicha iweze kuhama kutoka kamera moja hadi nyingine bila picha kuruka, kamera zote zilipaswa kuanza kila fremu kwa wakati uleule, na hivyo zilipelekewa mapigo ya pamoja kutoka mashine moja. Kamera za kawaida za nyumbani hazikuwa na uwezo wa kupokea mapigo hayo. Vifaa vingi vya kisasa hutatua tatizo hili kwa kuhifadhi fremu ya kila kamera kwa muda mfupi sana na kuipanga upya ndani ya swicha yenyewe. Ndiyo maana leo kamera za aina tofauti, hata simu, zinaweza kuunganishwa kwenye kisanduku kimoja.

Sehemu za mfumo

Mfumo jumuishi huwa na sehemu zifuatazo, hata kama kwa nje huonekana kuwa kitu kimoja:

* Viingilio vya picha. Vilivyo vya kawaida ni HDMI na SDI. Waya wa HDMI hufaa kwa umbali mfupi, kwa kawaida si zaidi ya mita 10 hadi 15 bila kifaa cha kuongeza nguvu. Waya wa SDI hufika karibu mita 100 kwa picha ya HD, na kichwa chake hufungwa kwa kuzungushwa, hivyo hauchomoki mtu anapoukanyaga. Baadhi ya mifumo hupokea picha pia kupitia waya wa mtandao wa kompyuta.
* Swicha. Opereta huona picha za kamera zote kwenye skrini iliyogawanywa. Picha moja ni ile iliyo hewani, na nyingine ni ile inayoandaliwa kufuata.
* Mchanganyo wa sauti. Kila maikrofoni ina kidhibiti chake cha kuongeza au kupunguza.
* Maandishi na michoro. Hapa huwekwa majina ya wazungumzaji, nembo, na mandhari badala ya pazia la kijani lililo nyuma ya mtangazaji.
* Kinasa. Matangazo huhifadhiwa kwenye diski au kadi.
* Enkoda. Hii hubana video ili iweze kupita kwenye intaneti, kisha huituma kwenye jukwaa kama YouTube au Facebook.

Historia

Hatua ya kwanza inayotajwa sana ni Video Toaster, iliyouzwa kuanzia mwaka 1990 na kampuni ya NewTek ya Marekani. NewTek ilianzishwa na Tim Jenison huko Topeka, Kansas, mwaka 1985. Video Toaster ilikuwa kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta ya Commodore Amiga, ikaifanya kuwa swicha na mashine ya michoro kwa sehemu ndogo ya bei ya vifaa vya studio kubwa. Hata hivyo mtumiaji bado alihitaji vifaa vya ziada vya kulinganisha mapigo ya kamera zake.

Mwaka 2005 NewTek ilitoa TriCaster, kompyuta iliyoundwa kwa kazi hii tu, ikiwa na swicha, sauti, maandishi, kinasa na uwezo wa kutuma video kwenye intaneti. Katika miaka hiyohiyo Sony ya Japani iliuza Anycast Station, mfumo wenye umbo la mkoba uliokuwa na skrini na meza ya vitufe pamoja. Mwaka 2015 NewTek ilitangaza NDI, utaratibu wa kupitisha video za studio kwenye mtandao wa kawaida wa kompyuta. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Vizrt mwaka 2019.

Upande wa programu, vMix ilitolewa na kampuni ya StudioCoast ya Australia mwaka 2009, na OBS ilianza mwaka 2012. OBS ni programu huria isiyolipiwa, na kwa sababu hiyo imekuwa mlango wa kwanza kwa watu wengi wasio na mtaji. Septemba 2019 kampuni ya Blackmagic Design, pia ya Australia, ilitangaza ATEM Mini, swicha ndogo ya viingilio vinne vya HDMI kwa bei ya dola 295 za Marekani. Mwaka uliofuata ilitoka ATEM Mini Pro, iliyoongezewa enkoda na uwezo wa kurekodi kwenye diski ya USB. Vifaa hivi viliifikisha swicha ya kamera nyingi mikononi mwa mpiga video wa kawaida.

Afrika Mashariki

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990, vituo binafsi kama ITV vilipoanza. Kwa muda mrefu kurusha tukio mubashara kulibaki kuwa kazi ya vituo vikubwa vyenye magari ya matangazo ya nje.

Suala la gharama lilijitokeza hadharani Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) litaacha kurusha mubashara vikao vyote vya Bunge kama ilivyozoeleka. Gharama ilitajwa kuwa sababu mojawapo. Wabunge wa upinzani walipinga, na mabishano hayo yalionyesha kwamba swali la nani anaweza kulipia matangazo ya mubashara ni pia swali la nani anaona nini.

Janga la UVIKO-19 liliongeza mahitaji. Nchini Kenya na Uganda mikusanyiko ya ibada ilizuiwa kuanzia Machi 2020, na makanisa mengi yakahamia kwenye matangazo ya mtandaoni. Tanzania haikufunga nyumba za ibada, lakini shule zilifungwa kuanzia Machi hadi Juni 2020, na masomo yalirushwa kwa redio na televisheni.

Matumizi katika miji midogo: Kibondo na Kasulu

Kibondo na Kasulu ni miji iliyo kwenye barabara itokayo Nyakanazi kuelekea Kigoma mjini. Kasulu ni makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, na ina vyuo vya ualimu. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta ziko katika eneo hilo. Kazi ambazo mfumo jumuishi hufaa katika mazingira kama haya ni harusi, misa na ibada, mahafali, mikutano ya hadhara na mazishi, hasa pale ndugu wanapokuwa Dar es Salaam, Mwanza au nje ya nchi. Matukio hayo hayarudiwi. Kiapo cha ndoa kilichokosa kurekodiwa hakiwezi kupigwa upya kesho yake, kwa hiyo swali la kwanza la opereta ni nini kitatokea kifaa kikizimika.

Umeme. Hadi mwaka 2022, ilipounganishwa na gridi ya taifa, miji hii ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO. Gridi haijaondoa haja ya akiba, kwa kuwa hata kukatika kwa sekunde chache huzima swicha. Tahadhari ya kawaida ni kuweka UPS kati ya umeme na mfumo, ili ishike nafasi mpaka jenereta iwashwe. Modemu ya intaneti nayo iunganishwe kwenye UPS hiyo. Swicha ikibaki hai huku modemu imezimika, watazamaji wa mbali hawaoni kitu.

Kurekodi. Faili la video la aina ya MP4 hukamilishwa mwishoni, opereta anapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, faili lote linaweza kukataa kufunguka. Kwa sababu hiyo watumiaji wa OBS hushauriwa kurekodi kwa muundo wa MKV, ambao hubaki salama hadi sekunde ya mwisho iliyoandikwa, kisha kuugeuza kuwa MP4. Kwa vifaa vya kisanduku, kinga rahisi ni kuacha kila kamera irekodi pia kwenye kadi yake. Kamera hutumia betri, hivyo haiathiriki swicha inapozimika.

Intaneti. Kinachohitajika ni kasi ya kupandisha data, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko kasi ya kupakua inayotangazwa na kampuni za simu. Matangazo ya megabiti 4 kwa sekunde hutumia takribani gigabaiti 1.8 kwa saa. Sherehe ya saa tatu hula gigabaiti 5.4. Kwa kuwa kasi ya mtandao wa simu hushuka watu wengi wanapokusanyika mahali pamoja, kipimo kinachofanywa ukumbi ukiwa mtupu hudanganya. Ni busara kutumia nusu tu ya kasi iliyopimwa, na kuwa na laini ya pili ya kampuni nyingine. Akaunti mpya ya YouTube nayo inaweza kuchukua hadi saa 24 kabla ya kuruhusiwa kurusha mubashara, hivyo haifunguliwi asubuhi ya harusi.

Sauti. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini sauti isiyosikika humfanya aondoke. Njia bora ni kuchukua sauti kwa waya kutoka kwenye mashine ya kuchanganya sauti ya ukumbini, badala ya kutegemea maikrofoni ya kamera iliyo mbali. Kwa kuwa picha huchelewa kidogo ndani ya swicha, sauti hiyo inaweza kutangulia midomo. Fremu moja ni milisekunde 40, na mifumo mingi ina sehemu ya kuichelewesha sauti ili zilingane.

Mwanga. Umeme wa Tanzania ni wa herzi 50. Kamera iliyopangwa kwa fremu 30 au 60 kwa sekunde inaweza kuonyesha picha inayopepesa chini ya taa za mirija au baadhi ya taa za LED. Kupanga kamera zote kwa fremu 25 au 50, na kasi ya kufunga lenzi ya 1/50, kwa kawaida huondoa tatizo.

Kisanduku au kompyuta

Kisanduku chenye vitufe huwaka haraka, hutumia umeme mdogo na hakisumbuliwi na virusi wala masasisho ya programu katikati ya kazi. Hata hivyo idadi ya viingilio vyake haiongezeki, na kikiharibika kwa kawaida hupelekwa kwa fundi mjini. Kompyuta yenye OBS au vMix hubadilika kulingana na mahitaji, na sehemu zake nyingi hupatikana kwa urahisi zaidi, lakini huhitaji uwezo mkubwa wa kuchakata na kadi za kupokea kamera. Studio nyingi ndogo huunganisha vyote viwili: kisanduku huchagua kamera, na kompyuta huongeza maandishi na kutuma matangazo. Mpango huo una faida ya pili, kwani kimojawapo kikigoma, kingine kinaweza kuendeleza kazi kwa namna iliyopungua.

Sheria

Nchini Tanzania maudhui ya mtandaoni husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilianzisha leseni kwa watoa huduma, televisheni za mtandaoni zikiwemo. Ada zake zililalamikiwa na wanablogu na watetezi wa uhuru wa habari kuwa kubwa kwa watu binafsi. Kanuni hizo zilifuatwa na nyingine mwaka 2020, ambazo zimerekebishwa tangu hapo. Muziki unaopigwa ukumbini una hakimiliki, na majukwaa kama YouTube na Facebook yanaweza kuzima sauti au kukata matangazo yenye nyimbo za watu wengine. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia picha za watu, jambo la kuzingatiwa hasa panaporushwa picha za watoto, wagonjwa au wakimbizi.