SILSILA YA MASHEHE: AMANA ILIYOTOKA TARIM HATA LAMU

Kila mwaka, katika mwezi wa Mfungo Sita, mji wa Lamu hujaa wageni. Wengine hutoka visiwani jirani, wengine Mombasa na Malindi, na wengine hata ng'ambo. Huja kusoma Maulidi katika Msikiti wa Riyadha, ulioko upande wa Langoni, na kulizuru kaburi la Habib Saleh aliyefariki mwaka 1935. Mgeni asiyeijua desturi hii huenda akauliza: Je, mzee huyu alikuwa nani hata akumbukwe namna hii? Na kwa nini, dua zinapoombwa, hutajwa majina ya watu waliokufa karne nyingi zilizopita katika nchi za mbali? Jibu limo katika neno moja tu, nalo ni silsila.

MAANA YA SILSILA

Silsila ni neno la Kiarabu, na maana yake ni mnyororo. Katika kila tarika, yaani njia ya Masufi ya kumkaribia Mwenyezi Mungu, sharti awepo shehe anayeongoza na murid anayeongozwa. Shehe hajifanyi shehe mwenyewe. Sharti naye awe alikaa mbele ya mwalimu, akajaribiwa tabia yake, kisha akapewa ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha na kuongoza wengine. Mwalimu wake naye alipewa ruhusa na mwalimu aliyemtangulia, na hivyo hivyo mpaka kufikia kwa Mtume Muhammad mwenyewe. Majina hayo yakipangwa moja baada ya jingine ndiyo huitwa silsila.

Jambo hili lafanana na kamba ya makumbi. Hakuna uzi hata mmoja uliotoka mwanzo wa kamba hata mwisho wake. Kila uzi ni mfupi, lakini umeshikana na mwenzake, na kamba ikikamilika hufunga jahazi. Basi anayeyataja majina ya mashehe hataki kujivunia wafu. Ataka kuonyesha kwamba elimu yake ina asili, na kwamba ni amana mkononi mwake, si mali yake.

Tarika iliyoenea sana miongoni mwa Masharifu wa Lamu huitwa Alawiyya. Chimbuko lake ni Tarim, mji wa Hadhramaut, kusini ya Bara Arabu. Silsila yake ina nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Wa kwanza ni wa damu, kwani Masharifu hao huhesabu nasaba yao kutoka kwa Ahmad bin Isa, aitwaye al-Muhajir, aliyehama Basra katika karne ya 10 akaenda kukaa Hadhramaut. Wa pili ni wa ijaza, ambao hauangalii baba wala babu, ila elimu na mwendo wa mtu.

UPANGA ULIOVUNJWA

Shehe aliyeziunganisha nyuzi hizo mbili ni Muhammad bin Ali, aliyezaliwa Tarim mwaka 1178 akafariki mwaka 1255. Watu humwita al-Faqih al-Muqaddam, yaani mwanasheria aliyetangulizwa. Alikuwa kijana hodari wa fikhi, na mwalimu wake alimtarajia awe mwanasheria mkubwa wa nchi. Lakini mbali sana, katika nchi za Maghribi, alikuwako Sufi mashuhuri aitwaye Abu Madyan. Huyo alimtuma mwanafunzi wake kwenda Hadhramaut kumpelekea khirka, yaani vazi ambalo ni alama ya kuingizwa katika njia ya Kisufi. Mjumbe alifika Makka, mauti yakamkuta huko. Kabla ya kufa alimkabidhi mwenzake ile amana, naye akaifikisha Tarim. Abu Madyan na al-Faqih hawakuonana kamwe, ila kwa mkono wa wajumbe wale mnyororo haukukatika.

Mwalimu wake wa fikhi alikasirika sana kwa kuona mwanafunzi wake ameshika njia hiyo, wakatengana. Tena, katika siku zile Masharifu wa Hadhramaut walikuwa wakichukua silaha kama makabila mengine. Yasimuliwa kwamba al-Faqih aliuvunja upanga wake, kuwa alama ya kwamba yeye na wafuasi wake wangewaongoza watu kwa elimu na upole, wala si kwa chuma. Alipofariki, watu waliendelea kutaka uongozi kwa mkewe, Zaynab, aliyeitwa Ummul Fuqara, yaani mama wa mafakiri.

SHEHE ASIYEONA

Jina jingine linalotajwa sana katika silsila hii ni la Abdallah bin Alawi al-Haddad, aliyezaliwa mwaka 1634 akafariki mwaka 1720. Alipatwa na ndui angali mtoto mdogo, akapofuka macho. Hata hivyo alihifadhi Kurani, akasoma kwa kusikiliza, akawa mwalimu ambaye vitabu vyake husomwa mpaka leo katika nchi nyingi.

Kazi yake inayojulikana kuliko zote si kitabu kikubwa, ila ni mkusanyo mfupi wa dhikri uitwao Ratibu ya Haddad. Aliutunga mwaka 1661, baada ya mtu mmoja kumwomba kitu kifupi ambacho watu wa kijijini kwake wangeweza kukisoma pamoja ili kuilinda imani yao. Hapa yaonekana desturi ya mashehe hawa: hawakuwaandikia wanazuoni peke yao. Mvuvi na mkulima waliweza kuisoma Ratibu baada ya sala ya isha, na ndivyo inavyosomwa hata sasa katika misikiti mingi ya pwani.

HABIB SALEH NA WATU WA LANGONI

Njia hiyo ililetwa Afrika ya Mashariki kwa majahazi, pamoja na biashara na ndoa. Masharifu wa Hadhramaut walikaa Pate, Lamu, Ngazija na Unguja, wakaoa, na watoto wao wakawa Waswahili na Wangazija. Katika ukoo mmoja wa namna hiyo, wa Jamalilil, alizaliwa Saleh bin Alawi, huko Ngazija. Akiwa kijana alikuja Lamu kwa jamaa yake, akasoma kwa wanazuoni wa mji, mwishowe akafanya makao yake huko.

Katika zamani hizo mji wa Lamu ulikuwa na daraja zake. Waungwana walikaa katika nyumba za mawe, na watumwa walilima mashamba yao. Elimu ya dini ilikuwako, lakini elimu ya juu, kama vile tafsiri ya Kurani, ilihesabiwa kuwa ya wenye nasaba. Habib Saleh hakukubali mpango huo. Alikwenda kukaa upande wa Langoni, karibu na maskini na wageni, akawafundisha watumwa na watoto wao nyumbani kwake. Haya aliyaanza kabla ya mwaka 1907, ambapo sheria ilipoufuta utumwa katika pwani ya Kenya.

Wakubwa wengine wa mji walichukia. Waliona kwamba mtumwa akifundishwa tafsiri atajiona sawa na bwana wake. Walichukia pia maulidi mapya. Kabla ya hapo maulidi iliyosomwa sana Lamu ilikuwa ya Barzanji. Habib Saleh alieneza ile iliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, huko Hadhramaut, nayo ikasomwa kwa kupigwa matari. Wengine walisema kwamba matari hayafai msikitini. Lakini watu wa Langoni walijaa, kwani hapo palikuwa na nafasi yao, nao waliimba kama wengine.

Al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915, alikuwa amejenga Seiyun chuo cha wanafunzi na msikiti uitwao Riyadh. Kwa kufuata mfano huo, Habib Saleh na wenziwe walijenga Riyadha ya Lamu, msikiti ambao pia ni chuo. Wanafunzi waliokuja kusoma hapo walitoka sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, na walipokwisha kupata ijaza walirudi makwao kufundisha.

MWENYE IJAZA NI NANI?

Kwamba mnyororo huu haukuwa wa damu tu huonekana pia katika maisha ya Abdallah Bakathir. Alizaliwa Lamu mwaka 1860, wala hakuwa Sharifu. Hata hivyo Masharifu wenyewe walimpa ijaza. Alihamia Unguja, akaanzisha madrasa iliyotoa wanazuoni wengi. Rafiki yake mkubwa alikuwa Sayyid Ahmad bin Sumeit, Sharifu aliyezaliwa Ngazija akawa kadhi wa Unguja. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925.

Yafaa kufahamu kwamba Waislamu wote hawakubaliani juu ya mambo haya. Wako wanazuoni wanaosema kwamba maulidi na kuzuru makaburi ni mambo yaliyozushwa baadaye. Wafuasi wa tarika hujibu kwamba hawawaabudu mashehe, bali huwaombea rehema na kukumbuka mwendo wao. Ubishi huo ni wa zamani, wala haujakwisha.

Lakini katika jambo moja historia ni wazi. Mnyororo ulioanza Tarim ungaliweza kukatika Lamu, kama waliokuwa nao wangaliufungia ndani ya nyumba chache za mawe. Haukukatika, kwa kuwa mtu mmoja aliwafungulia mlango wale waliokuwa wamekaa nje. Leo, maulidi yasomwapo Riyadha, hakuna awezaye kutambua, kwa kutazama tu, nani babu yake alikuwa mwungwana na nani babu yake alikuwa mtumwa. Wote wamekaa juu ya mkeka mmoja.