Utambuzi wa Vitabu vya Ufundi wa Magari katika Karakana Kongwe: Mfano wa Land Rover

Vitabu vya ufundi vinavyopatikana katika karakana kongwe aghalabu huwa vimepoteza majalada na kurasa za mwanzo, hivyo mwaka wa uchapishaji haujulikani. Utambuzi wake hauna budi kutegemea yaliyomo. Hatua ya kwanza ni kubaini aina. Kitabu cha dereva hueleza matumizi na matunzo ya gari. Mwongozo wa fundi hueleza namna ya kufungua na kufunga mitambo, pamoja na vipimo. Orodha ya vipuri huwa na michoro na namba.

Hatua ya pili ni kubaini toleo la gari. Land Rover ya 1948 ilikuwa na inchi 80 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kipimo cha inchi 88 kilianza katikati ya miaka ya 1950, kikadumu hadi Series III. Kwa hiyo peke yake hakitoshi. Hapo huangaliwa mchoro wa dashibodi. Geji zikiwa katikati, gari ni la kabla ya Series III, iliyotoka 1971. Zikiwa mbele ya dereva, ni Series III yenyewe, ambayo giaboksi yake ina sinkromeshi katika gia zote nne za mbele. Fundi akikosea hapa, huenda akaagiza vipuri visivyoingia.

Hatimaye, maandishi ya kalamu pambizoni yasifutwe. Fundi aliyeandika “klachi” au “plagi” kando ya mchoro ameacha ushahidi wa namna istilahi za Kiswahili zilivyotumika karakanani. Kitabu kikitupwa, ushahidi huo nao hupotea.