Mfungo bila nyama, samaki wala maziwa: Ule nini?

Ifikapo Januari, au wakati wa Kwaresima, Wakristo wengi wa Tana River hufunga kwa kuacha vyakula vyote vitokanavyo na wanyama. Wengi huuita mfungo wa Danieli. Biblia yaeleza kwamba Danieli na wenzake watatu, wakiwa Babeli, walikula vyakula vya mimea na kunywa maji tu kwa siku 10. Baadaye Danieli alijinyima nyama, divai na vyakula vitamu kwa majuma matatu. Ndiyo sababu makanisa mengi huupanga mfungo huu uwe wa siku 10 au 21.

Mfungo huu si kama ule wa jirani Mwislamu. Mwaka wa 2025, Ramadhani na Kwaresima zote mbili zilianza mapema Machi, na pale Garsen majirani wakawa wanafunga pamoja. Lakini Mwislamu husubiri jua litue ndipo ale, ilhali Mkristo aliye katika mfungo wa Danieli hula mchana. Anachochunga ni aina ya chakula, wala si saa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Katika vijiji vya mtoni kama Ngao, Wema na Hewani, vyakula vya kujenga mwili ni samaki wa mtoni na wa maziwani, pamoja na maziwa yaletwayo na wafugaji. Mtu akiviondoa bila kuweka kitu badala yake, asubuhi hubaki na chai ya rangi, na jioni ugali na kijiko cha mboga. Tumbo hushiba, lakini mwili haujengwi, na damu haiongezeki.

Mtu mzima mwenye afya njema hawezi kudhurika sana kwa siku 21. Anayepaswa kuangalia zaidi ni mama ambaye damu yake ilikuwa haba tangu mwanzo. Katika bonde la Tana malaria ni jambo la kawaida, na malaria huharibu damu.

Badala ya samaki

Habari njema ni kwamba shamba la mtoni lina vya kutosha. Pojo, kunde, mbaazi na maharagwe vina protini nyingi. Kikombe kimoja cha pojo kavu, takriban gramu 200, kina karibu gramu 48 za protini. Hicho ni karibu kiasi kinachomtosha mtu mzima wa kilo 60 kwa siku nzima.

Protini ya pojo peke yake ina upungufu, na ya mchele au mahindi ina upungufu wa namna nyingine. Zikiliwa siku moja, moja huziba pengo la nyingine. Wazee wa pwani waliopika mseto, yaani mchele na pojo katika chungu kimoja, walifanya hivyo kabla ya wataalamu kueleza sababu. Mbaazi za nazi kwa wali, au mahindi yaliyochemshwa pamoja na kunde, hufanya kazi ile ile.

Waethiopia wa Kanisa la Orthodox, ambao hufunga siku nyingi sana kila mwaka bila nyama wala maziwa, nao hula injera kwa mchuzi wa dengu. Mpango ni ule ule: nafaka na jamii ya kunde.

Ikiwa kunde hukujaza tumbo gesi, ziloweke usiku kucha, umwage maji hayo, kisha uzipike hadi ziive kabisa. Anza na kiasi kidogo siku za kwanza.

Damu na chai ya rangi

Kwa kawaida mwanaume huhitaji takriban miligramu 8 za madini ya chuma kwa siku, na mwanamke wa umri wa kuzaa miligramu 18. Kunde, pojo na mboga za majani zina madini hayo, lakini mwili huyapokea kwa shida kuliko yale ya nyama na samaki. Mambo mawili husaidia.

Kwanza, kula mboga pamoja na kitu chenye vitamini C. Kamulia ndimu juu ya majani ya kunde au mchicha, au kula embe, papai au pera mara baada ya chakula.

Pili, usinywe chai au kahawa pamoja na chakula. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ngoja angalau saa moja baada ya kula. Wakati wa kula, kunywa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Joto la Garsen hukausha mwili upesi.

Badala ya maziwa

Kalisiamu, madini yanayoimarisha mifupa, hupatikana katika simsim, majani ya kunde na sukuma wiki. Saga simsim uitie katika uji au mboga. Tui la nazi na karanga hutia nguvu, lakini tui si maziwa: lina mafuta mengi na kalisiamu kidogo.

Vitamini B12 haipatikani katika mimea. Mwili wa mtu aliyekuwa akila samaki au maziwa una akiba yake, hivyo majuma matatu si hoja. Anayefunga mara kwa mara mwaka mzima amwulize daktari.

Mfano wa siku moja

Asubuhi: uji wa mtama au mahindi uliotiwa karanga za kusaga, na ndizi mbivu.

Mchana: mseto au wali kwa kunde, majani ya matembele yenye ndimu, na embe.

Jioni: ugali au viazi vitamu, mbaazi za nazi, na boga.

Jihadhari na kushiba kwa soda, mandazi na viazi vya kukaanga. Nyama haimo, lakini vyakula hivyo havijengi mwili.

Nani asifunge?

Mama mjamzito, anayenyonyesha, watoto wadogo, na mtu aliyetoka kuugua hawafai kufunga kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya. Mjamzito huhitaji takriban miligramu 27 za madini ya chuma kwa siku, na asiache kamwe vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Vidonge hivyo ni dawa, si chakula cha anasa.

Mwenye kisukari anayetumia sindano ya insulini au vidonge anaweza kuzirai akipunguza chakula bila kubadilishiwa kipimo cha dawa. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu, kifua kikuu au virusi vya ukimwi waendelee nazo kama kawaida.

Ukiona kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kuishiwa na pumzi ukitembea kidogo, au viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe, usiseme ni majaribu ya mfungo. Nenda ukapimwe damu katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mchungaji wako hatakulaumu ukirudia samaki, nawe waweza kujinyima kitu kingine.