POMBE NA MSHAHARA WETU



Kazini tunasikia mara nyingi, "Kila mwanamume anakunywa." Sisi wa chama tumeona tulipime neno hili kwa hesabu, siyo kwa maneno ya kilabuni.

Uchunguzi wa afya wa Malawi wa mwaka 2009 uliwahoji watu wa miaka 25 hadi 64. Katika kila watu 100, wanywaji walikuwa 17 tu. Kwa wanaume walikuwa 30 katika 100, na kwa wanawake 4 katika 100. Basi hata kwa wanaume, wasiokunywa ndio wengi. Asiyekunywa asione haya.

Mtauliza: kama wanywaji ni wachache, kwa nini chama kishughulike? Kwa sababu mshahara si wa mtu mmoja. Kibarua wa viwanda vya tumbaku vya Kanengo, Lilongwe, ana mke, watoto na wazee wanaomtegemea. Akiacha nusu ya malipo kilabuni, aliyelewa ni mmoja, wanaolala njaa ni nyumba nzima.

Bia ya chupa ni ghali kwa kibarua. Hivyo hunywa Chibuku, au kachasu, ambayo Watanzania huiita gongo na ndugu zetu wa Kongo lutuku. Kachasu haina kipimo. Anayeipika hajui ukali wake. Nchini Kenya, Mei 2014, pombe iliyotiwa sumu ya methanoli iliua makumi ya watu na wengine wakapofuka. Na mkono unaotetemeka asubuhi haufai mbele ya mashine.

Sasa tutazame Dzaleka, wilaya ya Dowa. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza wakati wa Kamuzu Banda. Ilipangiwa watu wapatao 10,000. Leo wamezidi 50,000. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti juu ya haki ya kufanya kazi, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokaa mijini warudi kambini. Fundi mwenye ujuzi asiye na ruhusa ya kuutumia, siku yake ni ndefu, na kilabu kiko karibu. Wako pia akina mama, kambini na vijijini, wanaopika pombe wasiyoinywa, ili wapate unga. Ukimwaga pipa lake bila kumpa kazi nyingine, umemwaga chakula cha watoto.

Tena tusisahau kwamba pombe iliwahi kuwa kamba ya tajiri. Afrika ya Kusini, wafanyakazi wa mashamba ya mizabibu walilipwa sehemu ya ujira kwa divai miaka mingi. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, ulikataza kulipa ujira kwa pombe kali, na ukakataza malipo kufanyika kilabuni.

Kwa hiyo tunasema:

1. Mshahara ulipwe wote, kwa fedha, mahali pa kazi na siku iliyopangwa.
2. Mwenzetu aliyezidiwa na pombe apelekwe hospitali kabla ya kufukuzwa kazi.
3. Wakimbizi waruhusiwe kufanya kazi kwa ujira halali, wasitumiwe kushusha ujira wa wote.
4. Siku ya malipo, fedha ifike nyumbani kwanza.

Hatumhukumu mtu kwa kikombe chake. Tunalinda jasho letu.

Umoja ni nguvu!