Vipande vidogo vinavyobadili sauti na bei ya pedali ya gitaa

MFANYABIASHARA anayevuka Namanga, Busia au Mutukula na mzigo wa vifaa vya muziki anajua kuwa gitaa huuzwa kwa macho, lakini pedali huuzwa kwa masikio. Mteja huchomeka waya, hupiga nyuzi mbili tatu, ndipo hutaja bei yake. Sauti ikiwa nyembamba, pedali inarudi kwenye boksi.

Tunazungumzia pedali ya ovadraivu, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu ambacho huipa sauti ya gitaa la umeme mkwaruzo mzito, mfano wa amplifaya ya zamani iliyofunguliwa hadi mwisho. Inayojulikana zaidi ni ile ya kijani ya Ibanez iitwayo Tube Screamer, iliyotoka Japani. Ya kwanza kupata umaarufu, TS808, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikafuata TS9. Mpiga gitaa wa Marekani, Stevie Ray Vaughan, aliipaisha zaidi, na leo TS808 za mwanzo hununuliwa kwa bei ya juu kuliko TS9 za kawaida.

Ndani, hata hivyo, ndugu hawa wawili wanakaribia kuwa pacha. Tofauti kuu ya saketi ni rezista mbili kwenye njia ya kutolea sauti. TS808 ina ya omu 100 na ya omu 10,000, wakati TS9 ina ya omu 470 na ya omu 100,000. Fundi redio mwenye pasi ya kulehemu na mkono uliotulia anaweza kuzing'oa za TS9 na kuweka za TS808. Rezista zenyewe ni bidhaa za bei ya chini katika maduka ya vipuri, iwe Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo, Dar es Salaam.

Lakini tusidanganyane: mabadiliko hayo peke yake ni madogo, na si kila sikio litayatambua. Kinachosikika haraka kiko kwingine.

Besi ilikopotelea

Malalamiko ya kawaida kuhusu pedali hii ni kwamba inakata besi. Chanzo ni kapasita ya maikrofaradi 0.047 iliyounganishwa na rezista ya omu 4,700. Viwili hivyo vinafanya sauti zilizo chini ya hezi 720 hivi zikuzwe kidogo kuliko zilizo juu yake. Waya mnene wa gitaa unaanzia hezi 82, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wa gitaa haipati nguvu inayostahili.

Ukiweka kapasita ya maikrofaradi 0.1 mahali pake, mpaka huo unashuka hadi karibu hezi 340. Sauti inajaa kifua. Lakini usipitilize. Gitaa lenye besi nyingi mno hugongana na gitaa la besi, na katika ukumbi wenye mwangwi sauti zote hugeuka uji.

Hatua nyingine ni dayodi mbili zinazokata vilele vya sauti na kuleta ule mkwaruzo. Za kawaida ni za silikoni, ambazo hufunguka karibu na volti 0.6. Ukiweka taa ndogo nyekundu za LED, ambazo hufunguka kwa volti kubwa zaidi, sauti inakuwa kubwa na safi zaidi, mkwaruzo unapungua. Ukiongeza dayodi moja upande mmoja tu, ukataji hauwi sawa pande zote. Huo ndio mtindo wa SD-1 ya kampuni ya Boss.

Kuhusu chipu, nyingi za zamani zilikuwa na JRC4558D, na jina hilo limekuwa chambo. Nembo ni rahisi kuchapwa juu ya chipu yoyote, hivyo usilipie jina pekee. Mwambie fundi alehemu kwanza soketi ya miguu minane, ili chipu ijaribiwe na kubadilishwa bila kuunguza bodi.

Kabla ya kununua mzigo

Fungua kifuniko, au omba picha ya ndani. Pedali nyingi ndogo za kisasa zina vipande vidogo kama punje ya mtama vilivyobandikwa juu ya bodi, na fundi wa kawaida atazihangaikia bure. Tafuta bodi ambayo miguu ya vipande imepenya upande wa pili.

Angalia pia umeme. Pedali hizi hutumia volti 9, na ncha hasi iko katikati ya plagi. Adapta nyingi za vifaa vya nyumbani zina chanya katikati, nyingine ni za volti 12. Kuichomeka isiyofaa kunaweza kuua pedali mbele ya mteja.

Mpakani nako kuna hesabu yake. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, wenye cheti rahisi cha uasili, ni wa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Pedali ya Japani au China haigeuki kuwa ya Jumuiya kwa sababu fundi wa Arusha au Kisumu amebadili rezista mbili. Weka ushuru wake ndani ya bei tangu mwanzo, na beba risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho ni uaminifu. TS9 iliyobadilishwa ni TS9 iliyobadilishwa. Kuiuza kama TS808 halisi ni wizi, na wapiga gitaa huambiana. Mwandikie mteja kilichobadilishwa, umpe vipande vya awali katika mfuko mdogo ili siku akitaka virudishwe, na umwache aijaribu kwa amplifaya yake mwenyewe. Anayeuziwa hivyo hurudi safari ijayo, na mara nyingi hurudi na mwenzake.