Mtoto Ashibe au Alishwe? Nafasi ya Protini ya Wanyama katika Kupambana na Udumavu

Na Mwandishi Wetu

Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa ni miongoni mwa maghala ya chakula ya Taifa. Mahindi, viazi na maharage hustawi huko kiasi cha kulisha hata mikoa mingine. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa mikoa hiyo ni miongoni mwa yenye viwango vya juu zaidi vya udumavu kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Kitaifa, udumavu ulishuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022, yaani takribani watoto watatu katika kila kumi bado wana kimo kisicholingana na umri wao.

Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo magonjwa ya kuhara, maji yasiyo salama na lishe duni ya mama wakati wa ujauzito. Lakini sababu mojawapo ipo ndani ya sahani yenyewe: mtoto hushibishwa vyakula vya wanga huku nyama, samaki, mayai na maziwa vikiwa haba au havipo kabisa.

Protini ndiyo malighafi ambayo mwili huitumia kujenga misuli, damu, ngozi na kinga dhidi ya maradhi. Protini imeundwa kwa viini viitwavyo asidi za amino, na tisa kati ya hivyo mwili hauwezi kuvitengeneza, bali ni lazima vitoke kwenye chakula. Vyakula vyenye asili ya wanyama vina viini vyote tisa kwa uwiano unaokidhi mahitaji ya mwili. Mahindi, kwa upande wake, yana upungufu wa viwili, laisini na triptofani. Ndiyo maana mtoto anayelelewa kwa uji mtupu wa mahindi anaweza kuonekana ameshiba ilhali mwili wake umekosa cha kujengea.

Maharage yana laisini kwa wingi, hivyo makande ni mlo wenye hekima ambao wazee wetu waliujua kabla ya maabara kuuthibitisha. Tatizo ni kwamba tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na si rahisi ale kunde kiasi cha kukidhi mahitaji yake yote. Chakula cha asili ya wanyama humpatia virutubishi vingi katika vijiko vichache.

Aidha, faida haziishii kwenye protini. Madini ya chuma yaliyomo katika nyama, maini na samaki hufyonzwa mwilini kwa urahisi kuliko yale ya mboga za majani, na nyama kidogo ikiliwa pamoja na mboga husaidia hata madini ya mboga hizo kufyonzwa vizuri zaidi. Jambo hili ni muhimu kwa wajawazito na watoto, ambao wako katika hatari kubwa ya upungufu wa damu. Vitamini B12, inayohitajika katika kutengeneza damu na kuimarisha mishipa ya fahamu, kwa asili hupatikana katika vyakula vya wanyama. Madini ya zinki husaidia ukuaji na kinga, na maziwa pamoja na dagaa wanaoliwa na mifupa yao hutoa kalisi ya kujenga mifupa na meno.

Kiasi kinachohitajika si kikubwa kama wengi wanavyodhani. Mtu mzima mwenye afya huhitaji takribani gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku; mwenye kilo 60 huhitaji gramu 48. Yai moja lina takribani gramu 6, na robo lita ya maziwa takribani gramu 8. Kiasi kinachobaki huweza kutoka kwenye maharage, nafaka na kitoweo cha siku. Dagaa wakavu, wanaopatikana sokoni kwa vipimo vidogo, wakisafishwa, wakikaushwa vizuri na kusagwa, unga wake huchanganywa kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita huku akiendelea kunyonya.

Pamoja na hayo, mgawanyo wa chakula nyumbani unahitaji kutazamwa upya. Zipo kaya zinazofuga kuku lakini mayai yote huuzwa, na zipo ambazo vipande vikubwa vya nyama huwekewa baba huku mtoto akiachiwa mchuzi. Mchuzi pekee hauna protini ya kutosha. Nyama yenyewe ndiyo inayopaswa kusagwa au kukatwakatwa ili mtoto aweze kuila. Vivyo hivyo, imani kwamba mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele haina msingi wowote wa kitaalamu, na humnyima chakula bora wakati anapokihitaji zaidi.

Manufaa haya hayamaanishi kula bila kiasi. Ulaji mwingi wa nyama nyekundu, hususan iliyosindikwa kama soseji, unahusishwa na saratani ya utumbo mpana. Watu wazima wanashauriwa kubadilisha vitoweo kwa kula samaki, kuku na kunde, na wenye maradhi ya figo wapate ushauri wa daktari kuhusu kiasi cha protini. Vilevile, maziwa yachemshwe ili kuepuka kifua kikuu na brusela, mayai na nyama vipikwe hadi viive, nyama inunuliwe ikiwa imekaguliwa na kupigwa mhuri, na mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe kwa kuwa anaweza kuwa na kimeta.

Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili, ndizo zenye uzito mkubwa zaidi, kwani kimo na ukuaji wa ubongo vinavyopotea katika kipindi hicho ni vigumu kurejeshwa baadaye. Wazazi na walezi wanashauriwa kuhudhuria kliniki kila mwezi, kufuatilia ukuaji wa mtoto na kuuliza wahudumu wa afya au maafisa lishe wa halmashauri kuhusu vyakula vinavyopatikana katika maeneo yao. Kwa kaya yenye kuku watatu uani, hatua ya kwanza yaweza kuwa kutenga mayai machache ya mtoto kabla ya trei kupelekwa sokoni.